Unaanza utafiti wa wachezaji kupiga jicho uwanjani? Anza na unachokihesabu

Kabla hujafungua video hata moja, andika ni kitendo gani utakihesabu. Geir Jordet wa Oslo, mmoja wa waliofungua njia ya utafiti huu, huhesabu kupiga jicho pale uso wa mchezaji unapouacha mpira kwa muda mfupi, kwa makusudi, kutafuta wenzake, wapinzani au nafasi, ili ajue la kufanya mpira ukimfikia. Shikilia hapo kwenye kuuacha mpira. Kichwa kinachofuata pasi ndefu kutoka winga hadi winga hugeuka sana, ila macho bado yako kwenye mpira, kwa hiyo hakihesabiwi. Wengi wanaoanza hukosea hapa, na namba zao hupanda bila wao kujua.

Hesabu mara anazopiga jicho katika sekunde 10 kabla ya mchezaji kupokea mpira, kisha gawanya kwa 10. Timu yake ikiwa imeupata mpira sekunde 8 tu zilizopita, gawanya kwa 8: kupiga jicho mara 5 kunatoa 0.63 kwa sekunde.

Picha za matangazo ya televisheni zitakuangusha. Kamera hufuata mpira, na mtu unayemtafuta hayumo kwenye picha wakati ule ule anapogeuza shingo. Weka kamera moja imbane mchezaji mmoja dakika zote, na nyingine juu jukwaani ichukue uwanja mzima, maana bila hiyo hutajua mpinzani alikuwa umbali gani. Linganisha muda wa video hizo mbili kwa filimbi ya kuanza. Kisha tazama fremu kwa fremu, yaani picha moja moja ya video. Kwa fremu 25 kwa sekunde, kila moja ni sekunde 0.04, na jicho la haraka huisha kabla ya nusu sekunde.

Wahesabu wawe wawili, kila mmoja peke yake, na kila tukio liandikwe muda wake. Ninyi wawili mnaweza kupata 5 na 5, kumbe si zile zile tano! Jumla pekee haithibitishi chochote.

Kwenye uchambuzi, usimpime mshambuliaji kwa kipimo cha kiungo wa kati. Kiungo amezungukwa pande zote na hupiga jicho zaidi. Utafiti wa 2020 kuhusu wachezaji 27 wa Arsenal, mechi 21, ulikuta uhusiano kati ya kupiga jicho na pasi kufika, lakini mdogo. Basi usiandike kwamba kugeuza shingo ndiko kulikoleta pasi nzuri. Na kwa kuwa matukio mengi yanatoka kwa mchezaji yule yule, tumia modeli ya ngazi nyingi (njia ya takwimu inayojua matukio yapi ni ya mchezaji yupi), la sivyo utayahesabu kana kwamba ni ya watu tofauti.

Kihisi cha kichwani, kifaa kinachopima kichwa kinavyogeuka, hurahisisha kazi, lakini hakijui mpira uko wapi. Miwani inayofuata mboni huonyesha macho yalikoelekea. Hata hivyo jua kali huisumbua, na mchezaji hawezi kuivaa kwenye mechi rasmi. Kwa jaribio la kwanza, kiungo mmoja na kipindi kimoja vinatosha.