Andika lebo kabla hujatoka eneo la tukio

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kamera hapa Dodoma, naanza na kidude cha plastiki ambacho wengi wenu hamjawahi kukishika. Mgongoni mwa mkanda wa video wa VHS kulikuwa na kipande kidogo, kama ukucha wa kidole cha mwisho. Ukikivunja kwa bisibisi, mkanda haurekodiwi tena. Aliyeishiwa mikanda aliziba tundu lile kwa selotepu, akarekodi juu yake, na kilichokuwamo kikapotea kabisa. Matundu mengi nimeyaziba mwenyewe.

Mjue tulikotoka. Zanzibar walikuwa na televisheni, tena ya rangi, tangu 1973, na wa Dar es Salaam wenye seti walielekeza antena Unguja wakaipata. Sisi huku katikati hatukupata kitu hata ungesimamisha mlingoti mrefu kiasi gani, kwa sababu mawimbi yale huenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi, nayo dunia ni mviringo. Sheria ya utangazaji ya 1993 ndiyo iliyowafungulia mlango watu binafsi, na kuanzia 1994 CTN, ITV na DTV zikaingia hewani Dar es Salaam. Televisheni ya serikali kwa Bara, TVT, ilikuja baadaye sana. Kisha Star TV ikaanzia Mwanza, kando ya ziwa tunalopakana kwalo na Kenya na Uganda, na watu wa Kanda ya Ziwa wakaanza kujiona kwenye runinga kutoka kwao wenyewe.

Mimi nilikuwa mpiga picha wa kujitegemea. Mkanda wangu ulipanda basi alfajiri, nimeukabidhi kwa kondakta mkononi na kumlipa, halafu nakimbilia simu ya mezani kumwambia mhariri namba ya gari. Ni kama kilomita 450 mpaka Dar. Jambo la Jumatatu hapa Dodoma likionekana Jumanne usiku, tulishangilia.

Lililoniuma mpaka leo ni la Chamwino. Mzee mmoja wa Kigogo alinipigia zeze chini ya mbuyu karibu saa nzima, akiimba habari za njaa aliyoiona utotoni. Kituo kilitumia sekunde chache tu. Mkanda uliporudi niliuweka kwenye boksi bila kuandika chochote juu yake, na wiki chache baadaye nikaishiwa mikanda siku ya mkutano wa hadhara. Nikachukua wa juu, nikaubandika selotepu. Miaka ikapita, binti wa yule mzee akaja nyumbani kuniomba sauti ya baba yake, kwa kuwa walikuwa wameshamzika. Sikuwa na cha kumpa.

Kwa hiyo lebo iandikwe palepale, kabla hujapanda pikipiki. Nyinyi mnatumia kadi na faili, lakini faili lenye jina la namba tupu halina tofauti na mkanda wangu wa Chamwino. Andika kijiji, tarehe, jina la anayesema na la baba yake, lugha aliyotumia, na kilichokuwa kinaendelea. Andika kwa maka peni kwenye daftari pia, kisha nakili picha mahali pawili kabla ya kufuta kadi. Mhariri akikuharakisha, mwombe dakika tano. Hizo msione haya kuziomba.

Mwanzoni mwa 2013, analojia ilipozimwa hapa mjini na watu wakahamia ving'amuzi, maboksi mengi ya mikanda yalitupwa. Mengine bado yako uvunguni mwa vitanda Kongwa, Mpwapwa na Bahi. Ukipewa moja, usiutumbukize mkanda kwenye deki, ile mashine ya kuuchezea. Inua kwanza kifuniko chake cha mbele uangalie utepe kwenye mwanga. Ukiona vidoa vyeupe, huo ni ukungu, na deki itausambaza kwenye kila mkanda utakaoingia baada yake. Utenge peke yake pakavu, na uulizie fundi aliyewahi kusafisha mikanda ya namna hiyo.