Nyuma ya gego pana shimo, chakula chakwama

SWALI: Asalaam aleikum, daktari. Ni mwezi wa pili tangu ning'olewe gego la mwisho la chini, lililokuwa limelalia mwenziwe. Kidonda kimefunga, lakini nyuma ya gego lililobaki pana shimo. Chakula chakwama, maji baridi yachoma, na nikipiga mswaki damu yatoka. Je, nalo litang'olewa?
Mama wa watatu, Langoni, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam, dada. Usilikatie tamaa. Gego lililolala huegemea mgongo wa jirani yake, mahali ambapo mswaki haufiki miaka nenda miaka rudi. Ukoga hujikusanya hapo, fizi ikaachana na jino na mfupa ukapungua. Gego likishatolewa, mzizi wa jirani hubaki wazi, nao hauna lile tabaka gumu la juu la jino. Ndipo baridi huchoma. Mfupa hujaza pengo kwa miezi 4 hadi 6, basi shimo la miezi miwili si ajabu.

Kinachotutia wasiwasi ni damu, maana wengi wakiiona huacha kusugua, na ukoga ukizidi damu nayo huzidi. Fumba kinywa nusu ili shavu lilegee. Ingiza mswaki laini wa kichwa kidogo, hata wa mtoto, upite jino lote, kisha uuvute mbele mpaka nywele zake ziguse mgongo wa jino penye ukingo wa fizi. Sugua polepole sekunde 15, asubuhi na kabla ya kulala. Mswaki wa mti ni mzuri kwa meno ya mbele, ila kona hiyo hauifikii.

Baada ya kula, sukutua kwa glasi ya maji vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi. Maji ya kisima yachemshe kwanza, hata kama yana chumvi yake. Chakula kikigoma kutoka, kisukume kwa maji hayo ukitumia bomba la sindano lisilo na sindano. Tambuu iache kwanza: vipande vya popoo hujibana humo humo, na tumbaku huchelewesha fizi kupona.

Mwezi huu muone daktari wa meno akwangue ukoga na aangalie kama mgongo wa jino umetoboka. Ukitimiza miezi 6 tangu kung'olewa, apime kina cha fizi, yaani upenyo ulio kati ya fizi na jino: milimita 1 hadi 3 ni salama; ikifika 5 na damu ingalipo, itabidi kusafishwa chini ya fizi kwa ganzi. Usaha, uvimbe, homa au jino kucheza, nenda siku hiyo hiyo.