Wasomaji Wanauliza: Senegal, Nchi ya Sinia Moja na Mikono Mingi

Mwandishi wa safu hii ni mzaliwa wa Saint-Louis, Senegal, aliyeolewa Lubumbashi, katika Katanga ya Kongo, na kulea watoto wake hapa. Barua nyingi zinazomfikia zinatoka kwa watu wenye jamaa katika nchi ile, au wanaoishi jirani na wafanyabiashara wa Afrika Magharibi hapa mjini. Barua za mwezi huu zimefupishwa, na majina ya walioziandika hayatajwi.

Mama wa komini ya Katuba anauliza: Mama, pokea salamu. Binti yangu ameposwa na kijana wa Senegal anayefanya biashara hapa kwetu, na baada ya harusi watahamia Dakar, nyumbani kwa wazazi wa kijana. Sisi ni watu wa bukari (ugali) na sombe (majani ya muhogo). Atakula nini huko? Ataishije na wakwe ambao lugha yao haijui? Na je, ni kweli kwamba mumewe ataruhusiwa kuoa mke mwingine?

Mama mwenzangu, naanza na swali lako la mwisho, kwa kuwa hilo linapaswa kupata jibu kabla ya harusi, ilhali mengine binti atajifunza akiwa huko. Sheria ya familia ya Senegal, iliyopitishwa mwaka 1972, inamtaka mwanamume anapofunga ndoa atamke kama anachagua mke mmoja, wake wengi kwa kikomo kilicho chini ya wanne, au wake hadi wanne. Asipotamka lolote, huhesabiwa kuwa amechagua wake wengi. Kukaa kimya, basi, ni jibu tayari, na jibu hilo humwelemea mwanamke. Hapa Kongo sheria haitambui ndoa ya wake wengi, kwa hiyo wazazi wa Katanga huona jambo hili limekwisha kabla halijaulizwa. Liulizeni. Kama kijana anasema moyo wake ni wa mke mmoja, na aseme hivyo mbele ya wazee wa pande zote mbili, kisha iandikwe kwenye karatasi za serikali. Msiridhike na ndoa ya msikitini peke yake, kwa sababu ndoa isiyoandikishwa humwacha mwanamke bila cheti siku ya mgogoro au ya msiba. Ulizeni pia jinsi ndoa mtakayoifunga hapa kwenye komini itakavyoandikishwa kule.

Kuhusu chakula, mwambie binti yako kwamba Senegal inakula wali mchana kama Lubumbashi inavyokula bukari. Chakula kikuu cha mchana ni wali wa samaki, ceebu jën kwa Kiwolofu, ambao UNESCO iliuingiza mwaka 2021 katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu, na ambao sisi wa Saint-Louis tunasema ulizaliwa kwetu. Samaki hupasuliwa ubavuni na kujazwa kitunguu saumu, pilipili na majani ya parsili yaliyotwangwa pamoja. Hukaangwa kidogo, kisha huingia katika mchuzi wa nyanya ya kopo pamoja na kabichi, karoti, muhogo, bilinganya, ukwaju, na kipande cha samaki mkavu mwenye harufu kali ambayo mgeni huikimbia siku ya kwanza na kuitafuta siku ya kumi. Vitu hivyo vikiiva hutolewa, na mchele uliokwisha kupata mvuke juu ya sufuria ile ile hutiwa katika mchuzi huo hadi uunywe wote. Tunapenda chenga kuliko mchele mzima, mazoea yaliyotoka enzi za ukoloni, Wafaransa walipokuwa wakileta chenga kutoka Indochina. Ukoko wa chini ya sufuria hukwanguliwa na kupakuliwa pembeni, na watoto huugombania.

Kisha sinia moja huwekwa juu ya mkeka, na watu wote wa nyumba huketi kulizunguka. Hapa ndipo binti yako atakapotazamwa. Kila mtu anakula upande wake, kwa mkono wa kulia au kwa kijiko, bila kupeleka mkono mbele ya mwenzake. Watoto hufundishwa kushika ukingo wa sinia kwa mkono wa kushoto, ili lisizunguke na ili mkono huo usiende chakulani. Samaki na mboga huwa katikati, na hakuna anayejichukulia kwa pupa: mama wa nyumba humega samaki, akachambua miiba, akavisukuma vipande mbele ya kila mmoja, na mgeni hupata kipande kizuri kabla ya wenye nyumba. Anayepita mlangoni wakati huo huitwa aje kula, naye akijibu kwamba ameshiba huitwa tena. Kwa sababu hiyo mpishi wa Senegal hapiki kwa hesabu ya watu waliomo ndani. Binti akijifunza jambo hili moja, kupika kwa ajili ya mtu ambaye bado hajafika, mama mkwe atamsamehe mengine mengi.

Lugha haitamshinda. Kifaransa alichosoma hapa kitamsaidia ofisini na hospitalini, lakini jikoni, sokoni na kwenye basi ni Kiwolofu, hata kwa watu wa makabila mengine. Aanze na salamu, kwa kuwa Msenegali hafiki kwenye jambo lake kabla ya kuuliza habari za watu wa nyumbani, za kazi na za afya, na kulitaja jina la ukoo la anayemsalimia. Jina lake la baba atabaki nalo, kwani kwetu mwanamke aliyeolewa habadilishi jina. Asishtuke akisikia watu wakubwa wakitukanana kwa furaha: ni utani. Mtu wa ukoo wa Ndiaye atamwambia wa ukoo wa Diop kwamba ni mtumwa wake na mlafi wa wali, naye atajibiwa vivyo hivyo, na utani huo umetuepusha na ugomvi mwingi. Waserer na Wadiola hutaniana hivyo pia, na Waserer na Wafulani.

Kuna mzigo mmoja ambao sitaki aukute bila kuonywa, nao ni sherehe. Mtoto hupewa jina siku ya nane baada ya kuzaliwa, kondoo akachinjwa, na siku hiyo mke hutarajiwa kuwatunza mama mkwe na mawifi kwa vitenge na fedha mbele ya macho ya watu. Serikali ilitunga sheria mwaka 1967 kukataza matumizi ya kupita kiasi katika sherehe za familia, na sherehe hazikupungua. Nimewaona wanawake wakikopa kwa ajili ya siku moja na kulipa mwaka mzima. Binti aingie mapema katika mchango wa wanawake, ule mnaouita likelemba, akubaliane na mumewe kiasi wanachoweza kutoa, na asione haya kutoa hicho tu.

Mfanyabiashara wa soko la komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, anauliza: Nataka kwenda Dakar kutazama vitambaa. Je, nitanunua kwa dola kama hapa?

Hapana, ndugu yangu. Hapa tumezoea dola na faranga za Kongo kukaa katika mfuko mmoja, lakini Dakar duka halipokei dola; utabadilisha kwanza upate faranga za CFA. Fedha hiyo tunaitumia pamoja na nchi nyingine saba za Afrika Magharibi, benki kuu yake iko Dakar, na thamani yake imefungwa kwa yuro: yuro 1 ni faranga 655.957, leo na kesho. Utafurahi kuona kwamba bei haipandi asubuhi na kushuka jioni, ingawa wazee wetu hawajasahau tarehe 11 Januari 1994, faranga hiyo ilipokatwa thamani kwa nusu na kila kitu kilichotoka nje kikapanda bei. Tembea na noti ndogo, maana chenji ni shida sokoni. Wengi sasa hulipa kwa simu.

Baba mmoja, mkatoliki wa Kamalondo, anauliza: Mwanangu amepata nafasi ya kusoma Dakar. Nasikia karibu watu wote huko ni Waislamu. Ataweza kusali kwa uhuru?

Atasali bila hofu, baba. Ni kweli kwamba Wakristo ni wachache sana kwetu, lakini rais wetu wa kwanza, Léopold Sédar Senghor, alikuwa mkatoliki wa Joal, na aliiongoza nchi hiyo ya Waislamu kuanzia 1960 hadi 1980 akiungwa mkono na viongozi wakubwa wa kidini. Mwanao asikose kwenda Popenguine wakati wa Pentekoste, ambako mahujaji wengi hutembea kwa miguu hadi kwa Bikira Maria. Akifika Fadiouth, kisiwa cha makombe ya bahari kilicho jirani na Joal, ataona makaburi ya Wakristo na ya Waislamu katika uwanja mmoja.

Lakini mimi ningemwambia aangalie zaidi yanayotokea majumbani. Ijumaa Kuu, mama wa Kikristo hupika ngalax, uji mzito wa mtama uliochanganywa na karanga za kusaga na unga wa ubuyu, akaupeleka kwa majirani Waislamu ndoo kwa ndoo. Ikifika sikukuu ya kuchinja, ambayo kwetu inaitwa Tabaski, nyama huvuka uzio ule ule ikirudi upande wa pili. Katika familia nyingi, ndugu wa tumbo moja wana dini mbili. Ajue tu kwamba siku za sikukuu kubwa za Touba na Tivaouane, miji mitakatifu ya Waislamu wa Senegal, magari huwa adimu na Dakar hubaki nusu tupu, kwa hiyo asipange safari siku hizo.

Mwanafunzi wa uchumi, Lubumbashi, anauliza: Mama, nchi yenu haijawahi kupinduliwa na wanajeshi, na marais hukabidhiana madaraka baada ya uchaguzi. Sisi mashariki mwa nchi yetu pana vita tangu miaka ya 1990. Kwa nini vijana wa Senegal wanapanda mitumbwi na kufa baharini? Na je, mafuta na gesi vitabadilisha hali hiyo? Nataka kuandika juu ya jambo hili katika kazi yangu ya mwisho wa masomo.

Mwanangu, amani yetu ni ya kweli nami namshukuru Mungu kwa ajili yake, ingawa Casamance, jimbo letu la kusini, imejua bunduki tangu 1982, na kabla ya uchaguzi wa Machi 2024 vijana waliuawa katika maandamano. Lakini amani haimpi mtu kitu cha kuweka katika sinia.

Nikueleze habari za Guet Ndar, mtaa wa wavuvi wa Saint-Louis, ulio juu ya ulimi mwembamba wa mchanga kati ya mto Senegal na bahari ya Atlantiki. Nilipokuwa mtoto, mtumbwi uliporudi, samaki wadogo wa yaboy walikuwa wengi kiasi kwamba maskini aliokota chakula cha jioni ufukweni bila kumuuliza mtu. Leo wavuvi huenda mbali zaidi, hutumia petroli nyingi zaidi, na hurudi na wachache. Meli kubwa za kigeni zimevua kwa miaka mingi katika maji yetu, viwanda vya pwani vya Afrika Magharibi vinasaga yaboy kuwa unga wa kulishia samaki na mifugo wa nchi nyingine, na tuseme kweli, mitumbwi yetu wenyewe imeongezeka kuliko bahari inavyoweza kuvumilia. Mkataba wa uvuvi na Umoja wa Ulaya ulimalizika Novemba 2024 bila kuongezwa, lakini samaki hawarudi kwa sababu karatasi imekwisha muda. Bahari nayo inakula nyumba. Mwaka 2003, ili kuuokoa mji na mafuriko ya mto, ulichimbwa mfereji wa upana wa mita 4 tu katika ulimi ule wa mchanga. Maji yaliupanua kwa kilomita kadhaa, na kijiji cha Doun Baba Dièye kikamezwa.

Sasa mtazame kijana wa miaka 22 katika nyumba kama ile niliyomweleza mama wa Katuba. Hafi njaa, kwa kuwa sinia lipo na hakuna atakayemfukuza. Kila mchana anaketi, anakula samaki alionunua kaka yake, na kila mchana anajua kwamba yeye hakuleta kitu. Ukarimu wetu, teranga, ambao tunajivunia mbele ya wageni, ni deni kwa aliye ndani. Mama humkumbusha kwa kumtaja tu jirani ambaye mwanawe yuko Hispania na amejenga ghorofa. Mtumbwi anaujua tangu utoto, na hadi visiwa vya Canary ni takriban kilomita 1,500. Mwaka 2006 wenzake walisema “Barça walla Barsàq”, yaani Barcelona au ahera, na njia hiyo haijafungwa: mwaka 2024 watu zaidi ya 46,000, kutoka nchi mbalimbali, walifika visiwani humo, bila kuhesabu waliozama. Mara nyingi akina mama wenyewe huuza dhahabu zao ili kulipa nauli. Jambo hilo naliandika kwa uchungu, kwa kuwa hao ni mama ninaowafahamu, na hakuna hata mmoja wao asiyempenda mwanawe.

Kuhusu mafuta, ninyi wa Katanga hamhitaji kufundishwa na mimi jinsi utajiri unavyoweza kutoka ardhini na kupita mbele ya mlango wa mtu bila kubisha hodi. Mafuta ya Sangomar, katika bahari ya Senegal, yalianza kutoka Juni 2024, na gesi ya mpakani na Mauritania ikafuata. Serikali itapata kodi, na huenda umeme ukapungua bei. Lakini ajira zilizopo baharini ni chache na za mafundi waliosoma, wakati jukwaa la gesi limejengwa juu ya Diattara, miamba ambako watu wa Guet Ndar walikuwa wakipata samaki wazuri, na mitumbwi hairuhusiwi kuikaribia. Nakushauri usianze kazi yako kwa mapipa ya mafuta. Anza kwa kuuliza mtumbwi mmoja uliajiri watu wangapi, wauza samaki wangapi ufukweni, na wakaushaji wangapi. Kisha uliza ni nyumba ngapi zilikula kutokana nao. Kama unaweza, kafanye hesabu hiyo hiyo kwa wavuvi wa ziwa Mweru au Tanganyika, na uniletee barua nyingine ukimaliza.