Silali, na pesa inaisha: nipunguze wapi?

SWALI: Ninakaanga maandazi Ngamiani, Tanga. Huu ni mwezi wa tano mfululizo silali. Napanda kitandani saa mbili usiku, naamka saa kumi alfajiri, lakini usingizi wenyewe haufiki jumla ya saa sita. Vidonge vya usingizi vya duka la dawa vinakula 6,000 kwa wiki. Mwezi huu nimepima malaria mara tatu, kila mara 4,000, hawaoni kitu. Siku tatu kwa wiki nachelewa kutoka, narudi na maandazi 60 ya shilingi 200.

JIBU: Pole sana, mama. Tupige hesabu ya wiki nne. Vidonge 24,000. Vipimo 12,000. Maandazi yaliyolala, 60 kwa siku 12, ni 144,000. Jumla 180,000, na asilimia 80 yake imepotelea kwenye sinia. Hata Quebec, Kanada, utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta asilimia 76 ya gharama ya kukosa usingizi ni kazi iliyopotea. Kubana hela ya vidonge tu hakutakuokoa. Usingizi ukirudi ndiyo pesa inarudi.

Bila homa, acha kurudia kipimo cha malaria. Pima presha na sukari, na ukiambiwa unakoroma hadi pumzi inakatika, mweleze daktari.

Kama vidonge ni diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, na umemeza kila usiku kwa wiki kadhaa, usiache ghafla. Mwili umeshazoea, ukikata mara moja usingizi unazidi kukimbia, wengine hupata hata degedege. Daktari akupunguzie kidogo kidogo.

Tiba yenyewe inataka daftari. Wiki mbili andika umelala saa ngapi, umeamka saa ngapi. Wastani wa usingizi wa usiku mmoja ukiwa jumla ya saa tano na nusu, panda kitandani saa nne na nusu usiku, amka saa kumi ile ile, hata siku ya mapumziko. Muda wa kitandani usishuke chini ya saa tano. Ukiona umekaa macho kama dakika 20, toka, kaa kitini, rudi usingizi ukikubana: kitanda kisizoee mtu aliye macho. Ukilala asilimia 85 ya muda wa kitandani kwa wiki nzima, tangulia kulala kwa dakika 15.

Wiki za mwanzo utasinzia mchana, nawe uko mbele ya karai la mafuta ya moto. Tafadhali usikaange peke yako siku hizo. Mwenye kifafa asijaribu ratiba hii bila daktari.