Kabati Jipya, Macho Yanawasha

SWALI: Tangu tuweke chumbani kabati jipya la mbao za kushindiliwa, harufu kali haiishi na macho yanatuwasha. Je, mimea ya vyunguni itasafisha hewa?

JIBU: Harufu hiyo huenda inatokana na gundi inayoshikanisha chembe za mbao, ambayo hutoa gesi ya formaldehaidi polepole kwa miezi mingi, na kwa kasi zaidi chumba kinapokuwa na joto au unyevu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kiwango chake kisizidi miligramu 0.1 kwa mita moja ya ujazo wa hewa, kwa wastani wa dakika 30.

Sifa ya mimea ilienezwa na majaribio ya NASA, shirika la anga za juu la Marekani, ya mwaka 1989, lakini hayo yalifanyika ndani ya masanduku yaliyofungwa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba ungehitaji angalau mimea 10 kwa kila mita ya mraba ili kulingana na dirisha lililo wazi. Msitu, kwa kweli, si chumba cha kulala.

Fungueni madirisha yanayokabiliana, na ikiwezekana liacheni kabati mahali penye upepo kwa wiki kadhaa. Mkinunua mashine ya kusafisha hewa, chagueni yenye tabaka nene la kaboni amilifu (mkaa maalumu unaonasa gesi), kwa kuwa chujio la HEPA, yaani la chembechembe ndogo sana, hunasa vumbi tu, si gesi. Kaboni nayo hushiba, hivyo ibadilishwe. Mashine zinazotoa ozoni ziepukeni, kwani ozoni yenyewe hudhuru mapafu.