Dada wa Ngamiani, hayo si maudhi madogo

Pole sana dada. Umeuliza mama kanywa Septrin wiki nzima, sasa ana vipele na vidonda mdomoni, amalizie dozi au vipi. Asimeze hata kimoja tena, mpeleke hospitali ya Bombo leo hii hii.

Iko hivi, madhara ya dawa yana mafungu mawili makubwa, la kwanza linatokana na kazi yenyewe ya dawa na linaenda na dozi, mfano mtu wa kisukari akijichoma insulini nyingi sukari inashuka, anatetemeka, jasho linamtoka, dozi ikirekebishwa basi. La pili ni mwili wenyewe unaikataa dawa, yani aleji, hata kwa dozi sahihi kabisa. Dawa za salfa, na Septrin ni mojawapo, zinajulikana sana kwa hili. Vipele pamoja na vidonda mdomoni, macho mekundu, ngozi inauma au inabanduka kama kamwagikiwa maji ya moto, dada hiyo inaua.

Beba na pakiti yake umuoneshe daktari, aandike kwenye faili na aripoti TMDA, ile mamlaka ya dawa Tanzania. Na mama kila akienda hospitali aseme salfa inamdhuru, maana hata SP, dawa ya malaria, ina salfa ndani.