Vitabu vya bure vya hesabu chuo: mi nilianza vibaya

Mkuu umeuliza kama vitabu vya bure vya mtandaoni vinafaa kufundishia hesabu chuo, maana maktaba yenu ina kopi tatu na darasa lina watu 90. Vinafaa sana, huu mwaka wa nne navitumia, ila nilianza vibaya.

Nilishusha kitabu cha kalkulasi cha OpenStax, wale wachapishaji wa vitabu vya bure wa chuo cha Rice kule Houston, juzuu zote tatu, nikazimwaga kwenye grupu la WhatsApp nikajiona nimemaliza kazi. Wapi! Faili zito, bando linakata, na hata walioshusha hawakufungua. Halafu mifano kibao ni ya futi na maili, dogo mmoja akaniuliza "ticha, kwani futi ni sentimita ngapi?" katikati ya swali. Bahati nzuri leseni yao inaruhusu kubadilisha na kugawa, mradi useme umetoa wapi na usifanyie biashara, basi nikawa nakata kurasa za wiki hiyo tu na lile swali la ngazi nikaligeuza: ngazi ya fundi rangi ina mita 5, mguu uko mita 3 toka ukutani, unateleza sentimita 40 kwa sekunde, kichwa kinashuka kwa kasi gani? Kichwa kiko mita 4 juu, kwa hiyo 40 mara 3 gawa kwa 4, jibu sentimita 30 kwa sekunde. Walioleta 53 wamepindua 3 na 4, na walikuwa wengi.

Kilichonikomboa ni maswali lakini. Asaimenti ya karatasi anafanya mmoja, wengine wanadesa, mpaka makosa ya herufi yanafanana. Nikahamia MyOpenMath, tovuti ya maswali ya hesabu, ni bure, mwalimu unaomba akaunti wanakuhakiki kwanza. Pale swali ni moja ila kila mtu ana namba zake, linasahihishwa hapohapo, akikosa anarudia. Siku hizi wanadesa njia badala ya jibu, na hapo mi sina ugomvi nao.

Kwa matriksi chukua kitabu cha Jim Hefferon, bure pia, hadi faili zake za LaTeX (programu ya kupangia maandishi ya hesabu) anatoa. Ila kina majibu ya maswali yote hatua kwa hatua, kwa hiyo usithubutu kutoa asaimenti yenye maksi humo, yalinikuta.

Ukishapata akaunti nicheki nikupe namba ya kozi yangu, unaikopi nzima unafuta usichotaka. Lile la ngazi usilifute.